Randa na Msasa: Habari za Kusahihisha Nathari ya Hadithi za Kiswahili

Seremala atengenezaye mlango ana kazi mbili zisizofanana, ingawa mtu apitaye njiani huziona kuwa ni moja. Kwanza hupiga randa, ubao upate unene na unyofu utakiwao. Kisha hupiga msasa, mkono uweze kuupitia bila kukwaruzwa. Randa huondoa mti wenyewe, bali msasa hauondoi ila unga wake. (Msasa, kabla ya kuja karatasi za madukani, ulikuwa ni jani: jani kavu la mti uitwao kwa jina hilo hilo, lenye kuparuza, nalo liliwatosha mafundi wetu.) Waandishi wa Kiswahili wameyachukua maneno hayo ya karakana, na mtu asemapo kwamba ameupiga msasa mswada wa riwaya yake, hapana asiyemwelewa. Hadithi imekwisha tungwa, watu wake wamekwisha kufa au kuoana, na sasa mwandishi, au mtu mwingine kwa niaba yake, anapita mstari kwa mstari, akitoa neno hapa na kugeuza mpango wa maneno pale.

Katika historia ya nathari yetu, yaani maandishi ya mjazo yasiyo mashairi, kazi hizo mbili zimeitwa kwa jina moja la kusahihisha. Ile ya kwanza, ya kuyafanya maneno ya watu wote yawe sawasawa, ilipewa ofisi, na katibu, na hati ya kuthibitisha. Ile ya pili haikupewa hata kiti. Twataka kueleza jinsi mambo hayo yalivyotokea, na kuonyesha kwa mifano kwa nini tofauti yake si ndogo.

Hadithi za pwani zilikuwa na wasahihishaji wengi kabla hazijapata wapiga chapa. Msimulizi akikaa barazani, waliomzunguka ndio waliompima: akirefusha mno huona watu wanapiga miayo, akiruka jambo huulizwa, akikosea jina hukatizwa. Kwa hiyo hadithi iliyokwisha pita vinywa vya vizazi vitatu ilikuwa imekwisha lainishwa na masikio mengi. Mwaka wa 1870 Edward Steere alitoa London kitabu cha hadithi za Kiswahili kama zilivyosimuliwa na watu wa Unguja, na mtu akizisoma leo kwa sauti huona mara moja kwamba zina pumzi ya msemaji. Vitendo hufuatana mbio, watu husema maneno yao wenyewe, na pahali pa wimbo huimbwa. Baadaye, mwaka wa 1903, Carl Velten alitoa kwa chapa Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa upande wa Bagamoyo. Jalada lake lilibeba jina la Velten kuwa ndiye mkusanyaji, na huko kuandikwa "Wasuaheli" kwaonyesha ni sikio la nani lililoshika kalamu ya mwisho. Lakini ndani ya kitabu Mtoro asikika bado.

Ilipofika miaka ya baada ya Vita Kuu ya kwanza, shida haikuwa ulaini wa maneno. Shida ilikuwa ni wingi wa namna za kuyaandika. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na waliomfuata huko waliandika kwa Kimvita. Steere na wenzake waliandika kwa Kiunguja. Wadachi katika Tanganyika walikuwa na desturi zao za herufi. Neno moja liliweza kuandikwa khabari, au habari, na kila mwalimu aliona kuwa mwenzake amekosea. Serikali zilipotaka vitabu vya shule, ziliona ya kwamba kitabu kimoja kilichopigwa chapa kwa ajili ya nchi nne kingekuwa rahisi, bali vitabu vinne kwa nchi nne vingekuwa ghali visinunuliwe. Hapo ndipo mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka wa 1925, uliokutana kwa ajili ya elimu, ulipoanza kulishughulikia jambo la lugha moja ya vitabu. Na mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928, ambao mtaalamu Carl Meinhof alihudhuria, ukachagua Kiunguja kiwe msingi. Kuanzia tarehe 1 Januari 1930 ikawapo Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson.

Miongoni mwa kazi ilizopewa Kamati ile ilikuwamo hii inayotuhusu sisi: kuitazama miswada iletwayo na waandishi, kuirekebisha lugha yake, na kukipa ithibati kitabu kilichokubaliwa, ili walimu wajue kwamba Kiswahili chake chafaa shuleni. Kitabu kisicho na ithibati hakikukatazwa kusomwa. Lakini mpiga chapa gani angetia fedha yake katika kitabu ambacho shule hazitakinunua? Kwa hiyo ithibati ilikuwa mlango, na Kamati ilikuwa bawabu. Yafaa pia kukumbuka kwamba katika miaka yake ya mwanzo wajumbe wa Kamati walikuwa Wazungu. Wengi wao walikijua Kiswahili sana, na wengine walikuwa wamekaa nacho maisha yao yote. Hata hivyo walikuwa wamejifunza lugha hiyo wakiwa watu wazima, kwa vitabu na kwa daftari, na mtu aliyejifunza hivyo hupenda kanuni kuliko mazoea.

Faida ya kazi ile tusiikane. Mtoto wa Tabora na mtoto wa Kisumu waliweza kusoma ukurasa mmoja na kuelewa jambo moja. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili aliyoitunga Johnson ilitoka mwaka wa 1935, na zile kubwa za Kiswahili na Kiingereza zikatoka mwaka wa 1939, miaka miwili baada ya kufa kwake. Hata leo hatukai mezani kuandika pasipo kuegemea kazi hiyo. Yeyote alaumuye usanifishaji kwa lugha sanifu anakata tawi alilokalia.

Lakini randa huondoa mti. Katika Kimvita watu husema mtele, mtanga, ndia, pale ambapo Kiunguja husema mchele, mchanga, njia. Kitabu cha hesabu kikiandikwa "mchele" hapana aliyepungukiwa na kitu. Katika riwaya si hivyo. Mwandishi akimleta bibi mzee wa Mji wa Kale wa Mombasa, akamfanya aseme "Niletea mtele", neno hilo peke yake limekwisha kumwambia msomaji mahali alipozaliwa bibi yule, na pengine hata umri wake. Msahihishaji akiligeuza liwe "mchele" hakusahihisha kosa, amemhamisha mtu nyumbani kwake. Tena watu wa Mombasa hutofautisha kwa pumzi paa la nyumba na paa mnyama wa porini, na wako waandishi wa zamani waliokuwa wakitia alama kwa ajili ya tofauti hiyo. Herufi sanifu haziionyeshi. Kwa sauti hiyo twaweza kusamehe, maana msomaji hataogopa kwamba mnyama ameezekwa makuti. Ila maneno ya watu katika mazungumzo yalistahili kuachwa, na mara nyingi hayakuachwa.

Jambo jingine lililoelekeza mkono wa wasahihishaji ni vitabu walivyovizoea. Mwaka wa 1929 Johnson alitoa tafsiri ya Kisiwa chenye Hazina na ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, na vitabu hivyo vilipendwa, wala hatusemi havikustahili kupendwa. Kiswahili chake ni safi, sentensi zake zaeleweka, hadithi yaenda. Hata hivyo ni nathari iliyofuata nyayo za lugha nyingine, na kizazi kizima cha wanafunzi kilifundishwa kuidhani kuwa ndiyo sura ya kitabu cha hadithi. Mwafrika alipoandika hadithi yake mwenyewe, alipimwa kwa kipimo hicho. James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru akakalishwa Freretown karibu na Mombasa, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka wa 1934, na wengi huhesabu kitabu hicho kuwa cha kwanza cha aina yake kuandikwa na Mwafrika kwa Kiswahili. Wanazuoni hubishana kama ni riwaya au ni historia, na kama hakuwasifu mno Waingereza. Kwetu sisi la maana ni hili, kwamba mtu aliyelelewa ng'ambo ya Mombasa alisoma chapa ya kitabu chake katika lugha ambayo msingi wake ni wa Unguja.

Sasa na tuiache ofisi, tuingie ndani ya mistari yenyewe, maana ndipo kazi ilipo. Mifano ifuatayo tumeitunga sisi, haikutoka katika kitabu cha mtu.

Chukua sentensi hii: "Mzee ambaye alikuwa anakaa katika nyumba ambayo ilikuwa karibu na kisima alimwita kijana ambaye alikuwa anapita." Haina kosa la sarufi, na msahihishaji wa randa ataiacha ipite. Lakini mtu aisomaye kwa sauti ataona anajikwaa mara tatu juu ya gogo moja. Mwenye msasa ataandika: "Mzee aliyekaa katika nyumba ya karibu na kisima alimwita kijana aliyekuwa akipita." Maana ni ile ile, pumzi ni nusu. Walakini asifanye sheria ya jambo hilo. "Amba-" ina kazi yake ambayo hakuna silabi nyingine iwezayo kuifanya: "mtu ambaye nyumba yake imeungua", "mgeni ambaye angalikuja jana". Anayeifuta kila aionapo ni sawa na anayeitia kila mahali. Wote wawili wameacha kusikiliza.

Au tazama mfuatano wa vitendo. Mwandishi aliyesoma sana tafsiri huandika: "Aliamka. Alinawa uso. Alichukua jembe. Alikwenda shamba." Kiswahili kina "-ka-" kwa ajili ya kazi hiyo: "Aliamka, akanawa uso, akachukua jembe, akaenda shamba." Asubuhi ya mkulima yapita kama ipitavyo kila siku, bila mtu kuihesabu. Lakini tuseme mkulima huyo usiku ule amezika mtoto wake. Hapo huenda mwandishi alizitaka zile nukta, kila kitendo kisimame peke yake, kizito, kana kwamba mtu anainua mguu mmoja asijue kama ataweza kuinua wa pili. Msahihishaji atakayeyaunga maneno yale kwa "-ka-" kwa kuwa kanuni yasema hivyo, amemwondolea mzee yule msiba wake. Hawezi kujua lipi ni lipi kwa kutazama sentensi moja. Hapana budi awe amesoma kitabu chote, na ajue kilichotokea ukurasa wa nyuma.

Silabi ya mtendwa ni ndogo kuliko zote, nayo ndiyo ifutwayo kwa wepesi. "Nilisoma kitabu" na "Nilikisoma kitabu" hazisemi jambo moja. Ya kwanza yaeleza shughuli: nilikuwa nasoma, kitabu chochote. Ya pili yataja kitabu ambacho mimi nawe twakijua, kile ulichoniambia, kile kilichofichwa. Katika hadithi ya siri, hiyo "-ki-" yaweza kuwa ndiyo alama pekee kwamba msemaji alikuwa akikijua kitu kabla ya kukitaja. Mtu wa haraka huihesabu kuwa ni ziada, akaifuta, na msomaji mwangalifu amenyang'anywa dalili. Tena silabi hizo hizo ndizo ziwezeshazo maneno yetu kukimbia bila kurudia jina: "Alichukua kisu, akakinoa, akakifuta, akakiweka chini ya mkeka." Mfasiri aliyechoka huandika "kisu hicho" mara tatu.

Vivyo hivyo viungo vya vitendo. "Alifanya kazi ya kufungua mlango kwa ajili ya mgeni" ni maneno tisa yafanyayo kazi ya matatu: "Alimfungulia mgeni mlango." Mwandishi mchanga hupenda majina marefu mahali pa vitendo, kwa kuwa barua za ofisini zimemfundisha kwamba ndiyo adabu; riwaya haina haja ya adabu hiyo. Mpango wa maneno nao una siri yake. "Barua ililetwa na mtoto wa jirani" yafaa pale tunapofuata habari za barua na mambo yaliyoipata. "Barua aliileta mtoto wa jirani" yajibu swali lililokuwa moyoni mwa mtu: ni nani, basi, aliyeileta? Wanaozaliwa na lugha hii huzipanga hivyo pasipo kufikiri, na kwa sababu hiyo hiyo hawawezi kueleza kwa nini, na msahihishaji akiwauliza hunyamaza. Kunyamaza kwao kumehesabiwa mara nyingi kuwa ni kukiri kosa.

Na huko "kunyamaza" kwatukumbusha. Kiswahili husema "akanyamaza kimya", "giza totoro", "akalala fofofo", "nguo zikalowa chepechepe". Akipimwa kwa mizani ya Kizungu, mtu aliyenyamaza kimya amenyamaza mara mbili, basi na lifutwe moja. Lakini "kimya" hapo halirudii neno, lakamilisha sauti, na "fofofo" halina tafsiri wala halihitaji. Nathari iliyoondolewa maneno hayo yote yaweza kupata ithibati kumi, nayo itakuwa kama chumba kilichofagiwa mpaka mikeka ikatolewa nje. Hata mwito wa mama, "Mwanangu we, njoo hapa", ukifutwa "we" kwa kuwa haimo katika vitabu vya sarufi, waacha mama anayetoa amri badala ya mama anayeita.

Katika miaka ile ile ya 1930 palikuwa na ubishi mwingine uliogusa kila mstari, nao ni wa maneno yenye asili ya Kiarabu. Karl Roehl aliandika mwaka wa 1930 akitaka Kiswahili kirudishwe karibu na asili yake ya Kibantu. Mwaka uliofuata Gerald Broomfield alimjibu, akipinga kuyang'oa maneno ambayo watu wameyatumia karne nyingi. Kwetu sisi Broomfield alikuwa na haki, wala si kwa sababu ya historia peke yake. Mwandishi wa riwaya ahitaji neno la nyumbani na neno la barazani pia. Kuna "kutaka" na kuna "kutamani". Mtu wa hadithi "hufa" mdomoni mwa adui yake, naye "hufariki" mdomoni mwa mkewe. Lugha iliyochujwa upande mmoja humwachia mwandishi mkono mmoja wa kufanyia kazi.

Watu wa pwani wenyewe hawakukaa kimya. Malalamiko yao, kwa ufupi, yalikuwa kwamba Kiswahili cha vitabu vya shule kimekuwa Kizungu kilichovaa kanzu. Neno hilo lilizidi mpaka, kama yazidivyo maneno ya watu waliochukizwa. Lakini halikutoka hewani. Lilitoka katika sentensi kama zile tulizozionyesha, ambazo hakuna awezaye kuzionyeshea kosa, wala hakuna angalizisema.

Aliyeonyesha kwamba lugha sanifu yaweza kuwa na sauti yake alikuwa Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka wa 1909 karibu na Tanga, karani wa serikali na mshairi. Yeye hakuipiga vita Kamati. Alipata kuwa mjumbe wake, akawa amekaa pande zote mbili za meza. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka wa 1951, Karama ashtakiwa barazani, na kitabu karibu chote ni maneno yake ya kujitetea. Nathari yake ni ya mtu aliyezoea vina na mizani: sentensi zake hupanda mbili mbili, hili likilijibu lile, na msomaji hulazimika kupunguza mwendo. Wako wanaomwona mzito mno. Sisi twaona kwamba uzito huo ameuchagua, na jambo la kuchaguliwa halifai kuitwa kosa. Ukitaka kujua kama mstari wake umepigwa msasa, jaribu kuondoa neno moja. Mara nyingi mstari mzima huanguka upande.

Njia nyingine ilifunguliwa Unguja. Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi alikuwa mhariri wa magazeti, na baadaye wa jarida la Mkulima, yaani mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kukata na kunyosha maneno ya wengine. Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi yake iliyoshinda katika mashindano ya Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, ikatolewa nalo mwaka wa 1960. Bwana Msa na kiko chake, na wenzake wanaobishana naye, husema kama watu wa mjini Unguja wasemavyo: hukatizana, hutaniana, huacha neno katikati. Hapa lugha sanifu na lugha ya nyumbani zilikuwa jirani, na kwa hiyo randa haikupata mengi ya kuondoa. Mwaka huo huo Muhammad Saleh Farsy alitoa Kurwa na Doto, hadithi ya maisha ya kijiji cha Unguja, yenye desturi za arusi na za misiba. Twajiuliza mara kwa mara kama mtu wa Lamu au wa Pate, mwenye sikio zuri kama la hao wawili, angalipata mlango ulio wazi kiasi hicho.

Kamati yenyewe ilihama mara kadhaa: Dar es Salaam, kisha Nairobi wakati wa vita, kisha Makerere mwaka wa 1952, na mwaka wa 1964 ikawa chuo cha uchunguzi ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho siku hizi ni taasisi ya taaluma za Kiswahili. Kazi ya ithibati katika Tanzania iko mikononi mwa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka wa 1967. Waamuzi siku hizi ni wenyewe wa lugha, na tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo hati ya ithibati yasema kwamba lugha ya kitabu ni sanifu. Haisemi, wala haikuundwa iseme, kwamba mtu amekisoma kwa sauti tangu mwanzo hata mwisho akasikia mahali kinapogwaya.

Shaaban Robert alifariki mwezi wa Juni 1962. Kufikirika, aliyokuwa ameiandika tangu miaka ya 1940, ilitolewa mwaka wa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikatolewa mwaka wa 1968. Karatasi za chapa zilipoletwa kusomwa, mwandishi hakuwapo. Katika kila nyumba ya vitabu yuko mtu ashikaye kalamu juu ya mistari ya mwenziwe kabla haijaenda mtamboni, na mtu huyo, akiona "nilikiona" akadhani yafaa kuwa "niliona", safari hii hakuwa na wa kumwuliza.